Fensi ya Jiko

Kwa zaidi ya mwaka mzima nilikuwa naandika barua makao makuu kuomba jiko. Si jiko la nyumbani kwangu. Kwangu napikia mkaa na gesi na sina shida. Lilikuwa jiko la chombo cha doria cha kikosi cha majini, kinachofunga gati Kasanga, kule chini ziwani. Mimi ni raia, mtunza stoo, na ofisi yangu iko Sumbawanga mjini, nilikohamishiwa kutoka Mbeya nikidhani nitakaa miaka miwili. Stoo yangu ndiyo inayohudumia majiko ya vyombo vya kikosi: sufuria, miiko, majokofu, birika, vijiko, mpaka vifuniko. Watu wakisikia nafanya kazi na wanamaji wanadhani kila siku niko majini. Ziwa lenyewe liko mbali na dawati langu, huko bondeni kwenye joto, na mimi asubuhi ya mwezi wa saba hapa Sumbawanga navaa makoti mawili.

Jiko la zamani lilikuwa la umeme, lenye plate nne. Tatu zilikuwa zimekufa. Mpishi wa chombo, koplo mmoja Mfipa wa Mwazye, alikuwa anawapikia watu kumi na wanne kwa plate moja iliyobaki. Alianza maharage alfajiri, akiyaivisha anayatoa, anaweka maji ya ugali, na chai ilisubiri hapo katikati kama itapata nafasi. Alikuwa mtoto wa wakulima wa ulezi na mahindi, mtu mpole, mwenye kuongea polepole. Aliwahi kuniambia kwamba aliingia jeshini akitarajia bunduki, wakampa mwiko, na baada ya miaka michache akaona afadhali. Aliniita Mama Stoo. Mimi nilimwita afande, kama raia tunavyowaita wote.

Barua yangu ya kwanza ilirudi kwa sababu sikuandika namba ya jiko la zamani. Nikampigia mpishi simu, akaniambia kibati cha namba kimeliwa na kutu. Nikaandika barua ya pili kueleza hivyo. Ikarudi ikitaka picha ya mahali kibati kilipokuwa. Mpishi akapiga picha ya kutu, akanitumia, nikaichapisha na kuiambatanisha. Barua ya tatu ikajibiwa kwamba picha imepokelewa, lakini jiko chakavu lazima lionekane kwa macho na bodi ya kufuta vifaa, na kwa kuwa bodi inakaa Sumbawanga, basi jiko lipandishwe Sumbawanga. Nikauliza, likishang'olewa na kupandishwa, wale watu watapikia nini? Nikajibiwa kwamba swali hilo ni la idara nyingine.

Hapo nilikaa siku mbili bila kugusa lile faili, maana nilijua nikiligusa nitaandika neno la kunifukuzisha kazi. Mwishowe bodi ilishuka Kasanga yenyewe, si kwa ajili ya barua zangu, bali kwa sababu mjumbe mmoja alikuwa na shughuli nyumbani kwake na alitaka samaki wa migebuka. Walikaa jikoni dakika tano na sokoni saa mbili. Jiko likafutwa. Nilishukuru hivyo hivyo.

Jiko jipya lilifika mwezi wa tano, watu wakiwa wanavuna mahindi. Lilikuja kwa lori likiwa ndani ya boksi la mbao, nikalifungua mwenyewe pale mlangoni mwa stoo kwa nyundo na msumeno. Lilikuwa zuri. Chuma cheupe kinachong'aa, plate nne, oveni chini, swichi nyekundu. Vijana wa ulinzi walikuja kujitazama sura zao ubavuni mwake. Mimi nilipitisha mkono juu, pembeni, nikauzungusha mpaka nilipoanzia, halafu nikachungulia ndani ya boksi, nikapekua majani ya kufungia, nikakung'uta mifuko yote ya plastiki. Sikuona nilichokuwa natafuta.

Jiko la nyumbani juu ni tambarare, na sufuria inakaa kwa uzito wake. Chomboni sufuria inakaa mpaka wimbi la kwanza. Kwa hiyo jiko la chomboni huzungushiwa vyuma pembeni, kimo cha kiganja hivi, na katikati kuna vyuma vingine vya kusogeza, unavibana huku na huku mpaka sufuria inashikwa isiweze kuteleza. Jiko la zamani, pamoja na kutu yake yote, lilikuwa navyo. Mpishi aliviita fensi. Siku yangu ya kwanza kukanyaga chombo kile ndicho kitu alichonionyesha kabla hata ya kunionyesha pa kushika nisianguke. Hili jipya lilikuwa jiko la hoteli. Aliyeliagiza hakuwahi kupika juu ya maji, na aliyeliuza hakuulizwa.

Nikaenda kwa afisa ugavi, kapteni aliyekuwa bosi wangu, nikamweleza. Hakuwa mtu mbaya. Alitoka nje, akalizunguka jiko, akaniuliza kama linawaka. Nikamwambia linawaka. Akaniuliza kama idadi ni sawa na hati. Nikamwambia hati imeandika jiko moja na jiko ni moja. Nikaongeza kwamba nataka kuandika kwenye hati ya kupokelea kuwa limekuja pungufu, halina vizuizi. Akasema nikiandika neno pungufu, lori litageuka nalo leo hii.

"Mama," akaniambia, "tukilirudisha hili, la pili utalipokea ukiwa umestaafu."

Nilifikiria plate moja na watu kumi na wanne. Nilifikiria pia barua zangu tatu na ile picha ya kutu. Dereva wa lori alikuwa anapiga miayo. Nikasaini kwamba nimepokea jiko moja, zima, kamili.

Nililishusha Kasanga mwenyewe wiki iliyofuata. Ukitoka Sumbawanga unavaa koti, ukifika Matai bado umelivaa, na barabara ikianza kuteremka kwenye ukingo wa nyanda unalivua, unalikunja, na ukifika chini unajuta hata kulibeba. Gatini kulikuwa na malori ya saruji yakisubiri boti za Kongo, ikabidi tungoje zamu yetu. Halafu mlango wa jiko la chombo ukawa mwembamba kuliko jiko kwa vidole vitatu. Hilo nalo hakuna aliyelipima. Tulifungua miguu ya jiko, mlango wa oveni na mshikio, mabaharia sita wakaliingiza kwa ubavu wakilalamika, na rangi ya mlango ikabaki kwenye kile chuma kinachong'aa.

Mpishi alisubiri mpaka limesimama mahali pake. Akaweka kiganja juu, akazungusha kama nilivyozungusha mimi.

"Limenyolewa," akasema.

Nikamwambia fensi inakuja. Nikasema naandika barua kesho, nipe wiki mbili. Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na waya wa kufungia mizigo, akasema kwa sasa atafunga sufuria kwa huo. Kisha akawasha plate zote nne kwa mara moja, akazitazama zinavyokuwa nyekundu, na uso wake ulikuwa na furaha kiasi kwamba nilipopanda kurudi nilijiambia labda nilifanya vizuri kusaini.

Barua niliandika kweli, kesho yake. Jibu lilichukua wiki tano. Lilisema kwamba kwa mujibu wa hati ya kupokelea, jiko lilipokelewa kamili, kwa hiyo hakuna sehemu inayodaiwa. Chini walinukuu namba ya hati na jina la aliyesaini. Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Niliandika nyingine kueleza. Hiyo haikujibiwa kabisa.

Mwezi wa saba upepo wa kutoka kusini unalitibua lile ziwa vibaya. Chombo kilikuwa doria upande wa Wampembe, saa nne asubuhi, mpishi akiwa na sufuria kubwa ya maharage juu ya plate ya mbele. Nilielezwa baadaye kwamba wimbi halikuwa kubwa kuliko mengine; lilikuja tu kwa ubavu. Waya ulikatika, sufuria ikateleza juu ya kile chuma laini, ikammwagikia mguu wa kushoto kuanzia gotini mpaka vidoleni. Walimteremsha Wampembe, wakamfunga bendeji kwenye kituo cha afya cha pale, halafu wakampandisha kwa gari mpaka Sumbawanga, safari ya vumbi na makorongo ambayo mtu mwenye miguu yake yote miwili mizima huimaliza akiwa mgonjwa.

Nahodha alinipigia simu mchana. Nilikuwa nahesabu vijiko. Nakumbuka niliendelea kuvihesabu baada ya simu kukatika, nikafika mwisho, nikaandika idadi, ndipo nikafunga stoo nikaenda hospitali.

Mpishi alikuwa amelala, mguu umefunikwa kwa chandarua kidogo. Mkewe alikuwa amefika kutoka Mwazye na chupa ya uji wa ulezi. Aliniamkia, akaniuliza kama mimi ndiye Mama Stoo. Nilipoitikia akanipisha kiti na kusema mumewe hunitaja. Sikuuliza hunitaja kwa lipi.

Mumewe alifumbua macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama njia nzima. Nilikuwa hata nimepanga la kujibu. Akaniambia, "Jiko halikuharibika, Mama Stoo. Nilizima swichi kwanza."

Nilishikwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Mtu ameungua mguu mzima, naye ananitolea taarifa ya jiko. Alikuwa anaogopa kushtakiwa kwa uharibifu wa mali. Nilimwambia asahau jiko, anywe uji. Nikakaa pale mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, tukizungumza na mkewe habari za mavuno, ambayo mwaka huo yalikuwa mazuri, na za panya walioingia kwenye kihenge chao.

Hofu yake haikuwa ya bure. Siku nne baadaye bosi aliniita na kunipa karatasi mbili. Ilikuwa taarifa ya ajali. Ilisema mpishi alikuwa amevaa ndala badala ya buti, jambo ambalo ni kinyume na utaratibu, na kwamba ajali imetokana na uzembe wake. Kuhusu ndala ilikuwa kweli. Jikoni mle kuna joto, na nilishawaandikia mara mbili kuomba viatu vya jikoni, hilo nalo liko kwenye faili. Ukurasa wa pili ulikuwa na nafasi ya sahihi yangu, chini ya maneno kwamba vifaa vyote vilitolewa vikiwa kamili na salama kwa matumizi.

Nikamwambia sitasaini.

Bosi alizisogeza karatasi karibu yangu. Akanieleza kwa upole kwamba mpishi hatafukuzwa, atapewa onyo tu na kukatwa siku za likizo, na mambo yataisha. Akasema bila hiyo sahihi taarifa itarudi, watakuja watu kuchunguza, na wataanza na karatasi. Nikasema waanze tu.

"Karatasi ya kwanza ni yako," akasema. "Wewe ndiye uliyepokea. Umesaini kwamba liko kamili."

"Najua, afande," nikamjibu. "Ndiyo maana hii ya pili siwezi."

Nilirudi dawatini, nikaandika maelezo yangu. Niliandika kwamba jiko lilifika halina vizuizi, kwamba niliona, kwamba nilisaini pamoja na kuona, na kwamba mpishi alinionyesha upungufu huo siku ya kwanza nikamwahidi wiki mbili. Sikumtaja bosi. Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa jema au ni woga ule ule umevaa nguo nyingine. Niliambatanisha barua zote, na ya viatu.

Wachunguzi hawakuja. Kilichokuja ni barua ya onyo kwangu, kwa kupokea kifaa bila umakini, na maneno mafupi kwamba suala la mpishi limefungwa. Hakukatwa likizo. Kuhusu fensi hapakuwa na neno hata moja. Watu walishughulika na nani alaumiwe, wakamaliza, wakapiga mhuri, na jiko likabaki limenyolewa kama lilivyokuja, na mpishi wa zamu akipika juu yake kwa waya mpya.

Hapo ndipo nilipochoka kuandika. Pembeni ya mji, njia ya kuelekea machimbo ya mawe, kuna fundi wa kuchomelea, mzee wa Kifipa, ambaye hutengeneza majembe ya maksai, mageti na majiko makubwa ya shule. Nilimwendea Jumamosi na tepu ya cherehani na vipimo nilivyokuwa nimeviandika nyuma ya bahasha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua miwani ya kuchomelea. Nilimweleza ninachotaka. Akaniuliza maswali ya kawaida, urefu, upana, unene wa chuma. Halafu akauliza kwa nini mtu azungushie jiko vyuma. Nikasema ni kwa sababu meli inainama. Akauliza inainama upande gani. Nikasema zote.

Aliweka koleo chini. Akamwita mwenzake wa karakana, akamwambia kwa Kifipa, nikasikia tu neno jiko, wakacheka kidogo, si kwa dharau. Aliniambia amezaliwa na kuzeekea juu ya nyanda hizi na ziwani ameshuka mara mbili, zote kwa misiba, na hakuwahi kuingia ndani ya kitu chochote kinachoelea. Nikachukua karai lake la maji, nikaweka kopo la rangi juu ya kibao kinachoelea humo, nikaliyumbisha karai. Kopo likaanguka. Akaliokota, akaliweka tena, akaliyumbisha mwenyewe. Alirudia mara nne au tano.

Fensi ya kwanza aliyotengeneza haikufaa. Alikuwa ametengeneza mduara mmoja mmoja kwa kila plate, nadhifu sana, wa kukaa sufuria ya ukubwa mmoja tu. Kosa lilikuwa langu. Sikumwambia kwamba sufuria za chomboni ni za kila namna, kwa sababu mimi ndiye niliyezileta za kila namna, kadiri zilivyopatikana. Kwenye karatasi zote zinaitwa sufuria kubwa. Moja inaingia ndani ya nyingine. Nilipomweleza, mzee alivua glavu, akasema hatachomelea kitu kingine mpaka aone kwa macho yake.

Basi tulishuka naye Kasanga, kwa gari la stoo, fensi ikiwa imefungwa kwenye gunia. Pale barabara inapoanza kuteremka na ziwa linaonekana lote kwa mara moja, aliniambia nimsimamishie gari, akashuka, akajisaidia, akarudi akasema twende. Chomboni aliingia kwa kushika kila kilichoshikika. Alikaa jikoni kutwa nzima. Alimwambia mpishi wa zamu apike kama kawaida, akatazama. Aliomba nahodha atoe chombo nje kidogo ya gati, na nahodha, ambaye tangu ajali alikuwa haongei na watu wa stoo, alikitoa. Mzee alitapika kwenye ndoo, akaosha uso, akarudi kutazama.

Ya pili ilikuwa ndiyo yenyewe. Fremu moja ya kuzunguka, na vyuma vinne vya kusogea vinavyokazwa kwa nati za masikio, unakaza kwa vidole bila spana. Fremu yenyewe aliifunga kwa boliti nane kwenye ubavu wa jiko. Alikataa kuichomelea moja kwa moja. Alisema chuma kile cha jiko ni chembamba, kikipata moto kitajikunja. Nilikubali kwa sababu alikuwa fundi. Sikujua kwamba zile boliti zitatuokoa kwa jambo jingine kabisa.

Mpishi wetu alirudi kazini mwezi wa kumi na moja, anachechemea kidogo, mguu umebaki na kovu lenye rangi mbili. Aliibana sufuria ya maharage, akaitikisa kwa mikono miwili, haikwenda popote. Akaanza kukata vitunguu. Mimi nilitoka nje nikasimama gatini, kwenye joto, nikijiambia kwamba angalau hili limekwisha.

Mkaguzi alifika mwezi wa pili, kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi, kila mtu alimwamkia kwa heshima yake. Alikuwa na orodha. Alikagua jokofu, akakagua mashine ya kukandia unga, akakagua visu. Alipofika kwenye jiko alisimama, akageuza kurasa mbele na nyuma, akaniuliza vyuma vile ni nini. Nilimweleza yote, tangu mwanzo. Mpishi alikunja suruali akamwonyesha mguu. Kijana aliutazama kwa heshima, akampa pole, pole ya kweli kabisa.

Halafu akaandika viondolewe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kifaa kimefanyiwa marekebisho bila idhini. Nikasema bila vile vyuma mtu mwingine ataungua. Akanijibu bila kupandisha sauti, na mpaka leo nikikumbuka naona joto likinipanda shingoni:

"Mama, mimi sikatai kwamba vinafaa. Nasema kwamba havipo."

Vilikuwa mbele yake, ameviwekea mkono. Lakini kwenye orodha jiko lile halina vyuma, na yeye alitumwa kukagua orodha. Nilimwomba basi aandike vipo. Akasema hana safu ya kuandika hivyo. Niandike barua ya kuomba idhini ya marekebisho, ikipitishwa vitaingia kwenye orodha, na ukaguzi unaofuata vitakuwepo. Alisema atasubiri aone vimeondolewa, kwa sababu lazima apige picha.

Mpishi alichukua spana. Alifungua boliti nane, moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye bakuli la chai, akaibeba fremu akaisukuma chini ya kitanda chake. Kijana akapiga picha ya jiko limenyolewa, akatushukuru, akaondoka na kifurushi cha dagaa alichopewa na nahodha. Gari lake lilikuwa bado halijamaliza kupanda mlima, unaliona vumbi lake, wakati mpishi alipoirudisha fremu na kuanza kukaza. Hatukushauriana. Mimi nilishika bakuli la boliti nikawa nampa.

Barua ya kuomba idhini niliandika. Nimeiandika mara kadhaa sasa, kila mara na kiambatanisho kipya walichokitaka: mchoro wa kitaalamu, ambao mzee fundi aliuchora kwa chaki sakafuni nikaupiga picha, wakaukataa; cheti cha chuma; maoni ya mtengenezaji wa jiko, ambaye hajibu. Wakati huohuo wamenitumia, bila mtu yeyote kuomba, vikaangio kumi na viwili vyenye mishikio ya plastiki, vya kupikia gesi. Viko kwenye rafu ya juu stooni. Navifuta vumbi.

Wakaguzi huja mara moja kwa mwaka, wakati mwingine mara mbili, na huwa tunapata habari siku moja kabla. Tumezoea. Kinachoniuma ni namna tulivyozoea.

Mwaka huu mpishi alienda likizo kwao Mwazye kuvuna ulezi, na nafasi yake ikashikwa na mpishi mwingine, mwanamke wa umri wangu, sajenti, aliyetoka kikosi cha pwani. Nilishuka kumkabidhi vifaa. Nilimwonyesha jokofu linalohitaji kupigwa teke na lile ambalo usilipige. Nilimwonyesha fensi, jinsi ya kusogeza vyuma na kukaza nati. Aliipenda, akasema huko alikotoka wana ya kiwandani na si imara hivi. Kisha ikabidi nimweleze kuhusu ukaguzi: kwamba simu ikija, afungue boliti nane, aziweke pamoja, fremu aifiche chini ya kitanda, na asirudishe mpaka gari la wageni liwe limepanda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Sasa dada, kwa nini msiwaambie tu?"

Nikamwambia tuliwaambia. Nikaanza kumweleza habari ya barua, na katikati nikajisikia mwenyewe sauti yangu, imetulia, inapanga hoja, inataja namba za faili, kama ya yule kijana wa shati la pasi. Nikanyamaza. Nikampa spana nikamwomba ajaribu.

Alichukua dakika ishirini kuifungua, kwa sababu boliti moja ya nyuma imeanza kushika kutu. Nilimwambia ni nyingi mno, wakija ghafla hatawahi. Akaifunga, akavuta pumzi, akaanza tena, na mimi nikasimama mlangoni na saa mkononi nikimhesabia.